Kutazama Ndege Pwani ya Norfolk Majira ya Machipuko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya msomaji aliyejifunza ndege wake Afrika ya Mashariki, awe alianza kwa yangeyange wanaofuata ng'ombe au kwa heroe wa Ziwa Nakuru, na ambaye sasa, kwa sababu ya masomo, kazi au kutembelea jamaa, anajikuta Uingereza mwezi wa Aprili au Mei akiwa na siku moja au mbili za kutembea. Mahali palipochaguliwa ni pwani ya kaskazini ya Norfolk, hasa kijiji cha Cley next the Sea, kwa kuwa huko ndiko mwandishi alikopotea, alikokosea na hatimaye akazoea. Mengi yanayoelezwa hapa yatamfaa pia atakayetembea Suffolk, Kent au ng'ambo ya bahari huko Uholanzi.

Kwa nini Norfolk, na si bustani iliyo karibu na nyumba niliyofikia?

Bustani inatosha kuanzia, na asiye na nauli asione haya. Norfolk, hata hivyo, ina sababu zake mbili. Ya kwanza ni umbo la nchi. Pwani hii imejitokeza ndani ya Bahari ya Kaskazini, kiasi kwamba ndege anayesafiri usiku kutoka kusini, au aliyekuwa njiani kwenda Skandinavia akasukumwa na upepo upande wa magharibi, huifikia akiwa amechoka na hutua penye kichaka cha kwanza anachokiona. Ya pili ni kwamba mazingira mengi yamebanana mahali padogo. Ukitoka kanisani Cley na kushuka hadi ufukweni utatembea kama kilomita mbili tu, lakini utakuwa umepita ua wa miti ya miiba, malisho yenye maji, shamba la matete, vidimbwi vya maji ya chumvichumvi, na mwisho tuta refu la kokoto ambalo nyuma yake bahari inanguruma. Kila kimoja kati ya hivyo kina ndege wake.

Mabwawa ya Cley yalinunuliwa mwaka 1926 kwa juhudi za daktari Sydney Long ili yawe hifadhi ya ndege, na kutokana na ununuzi huo kikazaliwa chama cha Norfolk Wildlife Trust, cha kwanza cha aina yake katika majimbo ya Uingereza. Kufika si kazi: treni kutoka Norwich hadi Sheringham huchukua takriban saa moja, kwenye njia ambayo yenyewe imepewa jina la ndege, Bittern Line, kisha kuna basi linalofuata barabara ya pwani.

Majira ya machipuko huanza lini, na ni wiki zipi zilizo bora?

Kwanza ondoa masika akilini. Kinachobadilika Uingereza kati ya Machi na Mei si mvua, kwa maana mvua hunyesha mwaka mzima, bali ni urefu wa mchana, na ndege hufuata mwanga huo. Katikati ya Machi hufika kidege aitwaye chiffchaff, na wheatear huanza kuonekana kwenye nyasi fupi karibu na bahari. Nusu ya kwanza ya Aprili huja mbayuwayu; wiki ya tatu husikika kekeo; mwanzoni mwa Mei anga hujaa swift, yule ndege mweusi mwenye mabawa kama mundu.

Kama una wiki moja tu, ichague kati ya tarehe 20 Aprili na tarehe 20 Mei. Ukienda mapema zaidi utawaona vizuri waliopo, kwa kuwa miti haina majani, lakini wengi watakuwa bado wako njiani. Ukichelewa hadi Juni majani yamefunga, na madume wengi wamepunguza kuimba kwa sababu wana watoto wa kulisha.

Nitoke saa ngapi?

Hapa ndipo saa ya Kiswahili inapompotosha mtu. Katikati ya Mei jua la Norfolk huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo mchana una saa kumi na sita, na mtu aliyezoea kwamba saa kumi na mbili moja ni mapambazuko na nyingine ni magharibi hujikuta hana pa kushika. Ndege nao huanza kuimba kabla ya jua, giza likiwa halijaondoka vizuri. Anayeamka kuswali alfajiri ameshamaliza nusu ya kazi, ingawa atagundua kwamba alfajiri ya Mei huko huingia mapema kupita kiasi.

Asiyeweza kuamka hivyo asikate tamaa, kwa maana jioni nayo ina neema yake. Kuanzia saa mbili usiku, mwanga ukiwa bado mwingi na wenye rangi ya asali, bundi mweupe wa ghalani hutoka kuwinda akiruka chini juu ya malisho, kimya kama kitambaa kinachopeperuka. Kwetu wengi humwona bundi kuwa mkosi na humfukuza kwa mawe. Huko watu husimamisha magari kando ya barabara ili wamtazame. Saa mbaya ni zile za adhuhuri, na ndizo ambazo wageni wengi huzichagua.

Ndege hawa niwaite kwa majina gani?

Kiswahili kina majina mazuri ya ndege wakubwa, ndege wa pwani na ndege wanaokula mazao, kwa kuwa hao ndio waliotuhusu: mwewe, kipanga, membe, shakwe, sululu, kitwitwi, mbayuwayu, kekeo, hudihudi. Tatizo ni vile videge vidogo vya rangi ya udongo vinavyojificha majanini, ambavyo katika vijiji vingi huitwa videge tu na mambo yakaishia hapo. Norfolk videge hivyo ndivyo vinavyoimba zaidi, na huwezi kuvikwepa.

Katika ukurasa huu jina la Kiswahili limetumika pale lilipo, na pale lisipokuwepo limetumika jina lililomo katika vitabu vya Kiingereza, kwa sababu ndilo utakalolisikia kutoka kwa watu utakaokutana nao njiani. Jifunze pia majina ya kisayansi ya wachache unaowapenda. Jina kama *Hirundo rustica* halibadiliki ukivuka mpaka, na litakuwezesha kumfuata mbayuwayu yule yule katika kitabu cha Kenya, cha Urusi au cha Oman.

Nahitaji vifaa gani?

Darubini moja nzuri, daftari, kalamu ya risasi na koti linalozuia upepo. Darubini huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 8×42: ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita, na kadiri kipenyo kinavyokuwa kikubwa ndivyo mwanga unavyoingia zaidi. Kwa kutembea chukua 8×42, au 8×32 ukitaka nyepesi. Mwandishi alishawishiwa na muuzaji mmoja kununua 12×50 kwa hoja kwamba kukuza zaidi ni kuona zaidi, na alichokiona kwa wiki mbili ni mtetemeko wa mikono yake mwenyewe.

Kamera kubwa si lazima, na kwa siku ya kwanza ni afadhali ibaki nyumbani, kwa kuwa mwenye kamera humfuata ndege mmoja wakati thelathini wengine wanaimba mgongoni kwake.

Nianzeje mahali ambapo sijui ndege hata mmoja?

Hili ndilo swali kuu, na jibu lake ni kwamba kuna mahali usipopajua, lakini si kweli kwamba hujui ndege hata mmoja. Mtu anapofika katika nchi ngeni hufungua kitabu chenye kurasa mia nne na kujaribu kumlinganisha kila kidege anachokiona na kila picha. Ni njia ya kuchosha, na huishia kwenye kichwa kuuma. Afadhali uanze na mahali uliposimama. Jiulize: hapa ni matete, au kichaka, au kokoto, au maji ya kina kifupi? Ukishajua hivyo orodha ya mamia imepungua ikawa ya kumi au kumi na tano, na kati ya hao wanne au watano tayari unawafahamu sura kutoka nyumbani.

Kisha simama. Kusimama ni kugumu kuliko kutembea, hasa kwa mtu aliyelipa nauli. Nusu saa ya kwanza usimtaje ndege yeyote jina. Tazama tu nani anaruka juu ya nini, nani anarudi pale pale alipotoka, nani amebeba kitu mdomoni. Mwandishi alipofanya hivyo kwa mara ya kwanza kwenye njia ya tuta iliyo mashariki ya hifadhi ya Cley, alitokea kidege mmoja juu ya tawi la mforsadi mwitu, umbali wa hatua nane. Rangi yake ni ya mchanga wenye michirizi, na juu ya jicho ana mstari wa rangi ya maziwa kama nyusi iliyopakwa chokaa. Alifungua mdomo, na ndani ya mdomo kukaonekana rangi ya chungwa. Koo lilikuwa linatetemeka hata pale sauti iliposita. Aliimba kama mtu anayegombana na watu watatu kwa pamoja, akaruka wima juu ya kichaka bila kuacha kuimba, akashuka mabawa yakiwa yametandazwa, akatua kwenye tawi lile lile na kuanza ugomvi upya. Alikuwa sedge warbler, na baada ya dakika kumi za kumtazama hapakuwa na haja ya kufungua kitabu ili kumkumbuka tena.

Jumla ya ndege utakaowajua hivyo kwa siku nzima haitazidi sita au saba. Inatosha.

Nawezaje kujifunza sauti nyingi kwa muda mfupi?

Huwezi kujifunza nyingi. Jifunze kwa jozi, yaani wawili wanaofanana, ili sikio lipate la kulinganisha. Jozi ya kwanza ni chiffchaff na willow warbler. Kwa macho ni mapacha, wote wadogo, kijanikijivu kwa juu na njano hafifu kwa chini. Kwa sauti ni mbingu na ardhi: wa kwanza hurudia noti mbili tu, chif, chaf, chif, chaf, kama matone yanayodondoka kwenye ndoo, na jina lake limetokana na wimbo huo, wa pili huimba wimbo mwororo unaoteremka ngazi kwa ngazi hadi unapotelea chini.

Jozi ya pili iko kwenye matete. Sedge warbler aliyeelezwa hapo juu ana haraka na hubadili mada kila mara. Jirani yake, reed warbler, hukaa ndani ya matete bila kujionyesha na huimba kwa mwendo ule ule, kila kipande mara mbili au tatu, kama fundi cherehani anayekanyaga pedali bila kupumzika. Yupo na mwingine, Cetti's warbler, ambaye hulipuka kwa kelele kutoka kichakani karibu na sikio lako, kisha hunyamaza. Usipoteze asubuhi ukimtafuta.

Programu ya simu ya Merlin, inayotolewa bure na Chuo Kikuu cha Cornell, husikiliza na kupendekeza jina. Ni msaada mkubwa, lakini sharti ichukuliwe kama rafiki mwenye kujua mengi ambaye pia hukosea. Ikikutajia jina, mtafute ndege kwa macho kabla ya kumwandika. Pakua orodha ya nchi husika ukiwa bado na intaneti, kwa maana mtandao wa simu kwenye pwani hiyo ni wa kubahatisha.

Ni kweli kwamba baadhi yao ni ndege wale wale tunaowaona nyumbani?

Ni kweli, ila neno "wale wale" linahitaji uangalifu, kwa kuwa hapa ndipo watu wanaposimulia zaidi ya yanayojulikana.

Tuanze na mbayuwayu. Mwezi Mei mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete ndogo ya chuma mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 alipatikana Natal, Afrika Kusini. Hadi siku hiyo watu walikuwa wakikisia tu mbayuwayu wao huenda wapi. Wale wa Uingereza hukaa kipindi cha baridi ya Ulaya Afrika Kusini, na wale tunaowaona juu ya viwanja vya mpira na nyaya za umeme za Kenya na Tanzania kuanzia Oktoba huweza kuwa wametoka mbali zaidi upande wa mashariki. Jamii ni moja. Vijiji vyao ni tofauti.

Willow warbler ni hivyo hivyo. Yule wa Norfolk huelekea Afrika Magharibi. Yule anayezungukazunguka kwenye migunga ya Dodoma au Naivasha mwezi wa Desemba ametoka mashariki zaidi, na wapo wanaosafiri kutoka Siberia hadi mashariki na kusini mwa Afrika kwa uzito ambao haufikii gramu kumi na tano. Wheatear anashangaza zaidi: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012, uliotumia vifaa vidogo vya kurekodi mwanga, ulionyesha kwamba wheatear wa Alaska huvuka Asia yote na kuja Afrika ya Mashariki, takriban kilomita 14,500 kwa safari ya kwenda peke yake. Kekeo wa Uingereza, ambao shirika la British Trust for Ornithology limekuwa likiwafuatilia kwa setilaiti tangu mwaka 2011, hukaa miezi ya baridi katika misitu ya bonde la Kongo. Wakubwa huondoka Uingereza mapema, wengine tangu mwezi wa Juni, maana hawana watoto wa kulea: mayai yao wameyaacha katika viota vya wengine, reed warbler akiwa mmoja wa wanaobebeshwa mzigo huo.

Atakayekufurahisha kuliko wote, lakini, ni kitwitwi mkubwa anayeitwa grey plover. Aliyewahi kusimama Mida Creek, karibu na Watamu, maji yakiwa yanapwa mwezi wa Desemba, anamjua kama ndege wa kijivu, mnyonge wa sura, aliyejiinamia kwenye tope kama aliyedaiwa. Mtazame huyo huyo Norfolk katikati ya Mei, akiwa njiani kwenda kuzalia ncha ya kaskazini: uso, kifua na tumbo ni weusi kama makaa, mgongo umetiwa madoa ya fedha, na utepe mweupe umeshuka kutoka kwenye paji la uso hadi ubavuni. Mwandishi alimtazama dakika tano nzima akiamini ni ndege mpya maishani mwake, hadi aliporuka na kuonyesha doa jeusi chini ya kwapa, alama ambayo haibadiliki, awe pwani ya Kenya au ya Norfolk. Vitabu vyetu humchora akiwa kijivu kwa ukubwa na mweusi kwa picha ndogo pembeni. Vya huko hufanya kinyume.

Msomaji aliye Ubelgiji ana bahati ya namna nyingine. Huko, kwenye magugu ya kandokando ya mito, huimba marsh warbler, kidege ambaye hupita kwa wingi Kenya na hunaswa kila mwaka katika nyavu za watafiti kwenye kilima cha Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako kazi ya kuvisha pete ilianza mwaka 1969. Wimbo wake karibu wote ni wa kuiga. Uchunguzi uliofanywa Ubelgiji na kutangazwa mwaka 1979 ulionyesha kwamba dume mmoja huiga kwa wastani aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu yake ni ndege wa Afrika ambao majirani zake wa Ulaya hawajapata kuwasikia. Mtu wa Tsavo akisimama hapo anaweza kuwatambua wimbo hadi wimbo, jambo ambalo wenyeji hawaliwezi.

Ni ndege gani wasioweza kukoswa na mgeni?

Orodha za namna hii huharibu matembezi, lakini wawili wana historia inayostahili kusimuliwa.

Avoseti ni ndege mweupe mwenye mistari myeusi, miguu ya rangi ya buluu na mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu, ambao huutumia kufagia maji kulia na kushoto. Wa maziwa ya Bonde la Ufa ni yule yule. Uingereza alikuwa ametoweka kama ndege anayezaliana kwa karibu miaka mia moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maeneo ya pwani ya Suffolk yalifurikwa na maji kwa makusudi ili kuzuia uvamizi, na vidimbwi vilivyoachwa vikawa makao yaliyomfaa. Mwaka 1947 akaanza kuzaliana tena huko. Leo ndiye nembo ya chama kikubwa cha hifadhi ya ndege, RSPB, na ukiwa Cley mwezi wa Mei utamwona akimfukuza kila anayekaribia watoto wake, hata bata bukini aliyemzidi uzito mara kadhaa.

Bittern ni wa jamii ya korongo, kahawia yenye michirizi kama matete makavu, na kumwona ni majaliwa. Kumsikia ni rahisi zaidi. Siku ya kwanza mwandishi alisikia mlio mzito, mmoja mmoja, kama wa mtu anayepuliza mdomo wa mtungi mtupu, akadhani ni mashine ya kuvuta maji shambani. Alipouliza, mzee mmoja aliyekuwa karibu alicheka kwa adabu. Mlio huo husafiri kilomita kadhaa. Mwaka 1997 walihesabiwa madume 11 tu waliokuwa wakilia hivyo Uingereza nzima. Matete yakafufuliwa, mengine yakapandwa upya, maji yakarekebishwa, na sasa hesabu imepita 200.

Sheria na adabu za huko ni zipi?

Sheria ya mwaka 1981 ya wanyamapori na mashamba inakataza kumdhuru ndege mwitu yeyote, kiota chake au mayai yake, na kwa baadhi ya aina, wakiwamo bittern, avoseti, kipanga wa mabwawa na membe mdogo, ni kosa hata kuwasumbua kwa makusudi wakiwa kwenye kiota au karibu nacho. Kwa hiyo usipige sauti za kurekodi ili kuwaita, usisogee ili upate picha, na usitangaze mahali pa kiota. Kwenye kokoto kaa nje ya kamba na vigingi vilivyowekwa: yai la kitwitwi linafanana na jiwe kiasi kwamba utalikanyaga huku unalitafuta.

Njia za miguu za umma, ikiwamo ile ya pwani yenye alama ya tunda la mwaloni, ni bure kwa kila mtu na hazihitaji ruhusa. Vibanda vya kutazamia ndani ya hifadhi huhitaji tiketi kwa asiye mwanachama. Ukiingia kibandani funga mlango polepole, usitoe mkono dirishani kuonyesha, na uongee kwa sauti ya msikitini. Salamu zao ni fupi mno kwa kipimo chetu: mtu asiyekujua atakuuliza kama kuna chochote, naye anauliza ndege, si habari za nyumbani. Mjibu ulichokiona, hata kama ni kimoja, naye atakueleza yaliyo mbele. Mwandishi amepata ndege wengi kwa njia hii kuliko kwa darubini.

Kuna hatari gani?

Hakuna kiboko wa kukimbiwa, na huenda ndiyo sababu wageni hujisahau. Hatari ya kwanza ni maji. Mtu wa pwani anajua bamvua na maji mafu, na elimu hiyo inafanya kazi vile vile huko. Tofauti ni ukubwa, kwa maana katika ghuba ya The Wash, upande wa magharibi wa pwani hiyo, tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 6. Kwenye tambarare za tope la chumvi maji hayaji mbele yako kama wimbi. Hupanda kwenye mifereji iliyo nyuma yako na kukukatia njia ya kurudi. Tazama jedwali la maji kabla ya kutoka, na usikatize tambarare hizo bila mwenyeji.

Ya pili ni upepo wa mashariki, ambao hata mwezi wa Mei huweza kuigeuza asubuhi yenye jua kuwa baridi ya kugandisha vidole. Ya tatu ni kupe wa kwenye nyasi ndefu, wanaoweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme: ingiza suruali ndani ya soksi, jikague jioni, na ukiona wekundu unaopanuka kwenye ngozi katika wiki zinazofuata, mwone daktari na umweleze ulikotembea.

Niandike nini katika daftari, na kumbukumbu hizo nizipeleke wapi?

Andika tarehe, mahali, saa, upepo, idadi, na alichokuwa akifanya ndege. Idadi ya kukadiria ni bora kuliko kutoandika. Wale usiowatambua waandike kwa maelezo: ukubwa ukilinganisha na shorwe au kunguru, umbo la mdomo, rangi ya miguu, mahali alipokuwa, na sauti kwa herufi zako mwenyewe. Andika kabla ya kufungua kitabu, kwa kuwa picha ya kitabuni hufuta ile iliyokuwa machoni.

Kumbukumbu za Uingereza zinaweza kupelekwa bure kwenye mfumo wa BirdTrack. eBird hupokea za dunia nzima. Na ukirudi Kenya kuna Kenya Bird Map, ambayo bado ina maeneo mengi yasiyotembelewa vya kutosha. Tumia daftari lile lile kwa nchi zote mbili. Mwandishi huacha nusu ya ukurasa wazi chini ya kila ndege mhamaji, na chini ya grey plover wa Cley, wanne, tarehe 14 Mei, weusi tii, pameandikwa kwa wino mwingine: Mida, Oktoba, kumi na tisa, kijivu, mmoja bado ana doa la kaa tumboni.